Kumbukumbu za michoro si riwaya

Kumbukumbu za michoro ni kitabu ambamo mtu anasimulia aliyoyapitia mwenyewe, kwa picha na maneno pamoja. Maana yake ni hiyo tu. Kinachoniuma ni kuona vitabu vya namna hii vikiendelea kuitwa riwaya, hata March cha John Lewis, mwanaharakati wa haki za Weusi nchini Marekani.

Riwaya hubuniwa. Mwandishi wake akitaka mhusika avuke daraja salama, atavuka. Tarehe 7 Machi 1965, kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma, Lewis na mwanaharakati mwenzake Hosea Williams waliongoza watu wapatao 600 waliodai haki ya kupiga kura. Askari wa jimbo la Alabama wakawashambulia kwa marungu na mabomu ya machozi, na Lewis, kijana wa miaka 25, akapasuliwa fuvu. Ukiyaita hayo riwaya, unamfungulia mlango anayetamani yawe hayakutokea.

Wengine huniambia: lakini hakuchora yeye. Ni kweli. Juzuu zote tatu, zilizotoka 2013, 2015 na 2016, Lewis aliziandika pamoja na Andrew Aydin, na mchoraji ni Nate Powell, ambaye mwaka wa Selma alikuwa bado hajazaliwa. Powell alilazimika kuamua mengi: giza liwe zito kiasi gani, uso wa askari uonekane au ufichwe na kofia. Hata hivyo anayesema “mimi” kurasa zote ni Lewis, na ndiye anayebeba dhamana ya ukweli wake. Powell angesimulia maisha ya Lewis kwa sauti yake mwenyewe, hapo tungepata wasifu.

Tawasifu nzima nayo siyo. Lewis alikaa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu 1987 hadi alipofariki Julai 2020, lakini masimulizi yanashika utoto wake na harakati hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, yakipishana na siku ya kuapishwa kwa Obama, 2009. Kumbukumbu huchagua kipindi.

Anayesema katuni simkatazi. Katuni ya 1957 kuhusu Martin Luther King na mgomo wa Weusi wa kutopanda mabasi mjini Montgomery ilisomwa na vijana wa harakati zile, Lewis akiwemo, na ndiyo iliyochochea March. Kwa hiyo, ndugu yangu, sema katuni ukipenda ufupi, au kumbukumbu za michoro. Riwaya tuwaachie wanaobuni.