Je, wajua kwa nini polisi wa Marekani hununuliwa mbwa na taasisi za hisani?

Karibu nusu ya idara za polisi za miji ya Marekani zina maafisa wasiofika kumi, na sehemu kubwa ya bajeti zake huishia kwenye mishahara. Mkuu wa polisi akipeleka ombi la mbwa kwenye baraza la mji, hushindana na gari la doria lililochakaa. Mbwa ndiye huachwa.

Hapo ndipo ruzuku huingia. AKC Reunite, taasisi mshirika wa American Kennel Club (shirika linalosajili mbwa wa asili nchini humo), huongeza dola 3 kwa kila dola 1 inayotolewa na klabu ya wafuga mbwa: klabu ikitoa 2,500, taasisi huweka 7,500, na idara hupata 10,000. Vested Interest in K9s ya Massachusetts, iliyoanzishwa 2009, yenyewe hainunui mbwa. Hutoa fulana za kuzuia risasi na visu, kwa mbwa aliyetimiza miezi 20 na mwenye cheti cha kazi.

Dola 10,000 hutosha kununua mbwa, na mara nyingi huishia hapo. Wengi ni Belgian Malinois au German Shepherd wa mwaka mmoja hadi miwili, walioletwa kutoka Uholanzi, Ujerumani au Ucheki. Kabla ya kulipa, nyonga na viwiko vipigwe picha ya eksirei, na muuzaji aandike dhamana ya afya. Kasoro ya nyonga ikionekana baada ya mafunzo, wiki zote za afisa na mbwa shuleni zimepotea.

Gharama inayoua vikosi vya mbwa ni ile inayokuja baadaye. Gari huhitaji kizimba na king'ora cha joto kinachoshusha vioo na kuwasha feni pale kiyoyozi kinapozimika. Tusikifanye kuwa pambo: mbwa wa polisi wamekufa kwa joto ndani ya magari. Kumlisha na kumsafisha mbwa nyumbani ni kazi ya kulipwa chini ya sheria ya ajira ya nchi hiyo. Mazoezi yanayopendekezwa ni saa 16 kila mwezi, na saa hizo hutoka kwenye doria. Tena, mwongozaji, yaani afisa anayefanya kazi na mbwa huyo, akipandishwa cheo au kuacha kazi, mbwa hubaki bila mtu anayemzoea.

Kwa hiyo ombi zuri la ruzuku humtaja mwongozaji aliyekubali kubaki miaka kadhaa, huambatanisha bei ya muuzaji, na huonyesha nani atalipia chakula na daktari wa mifugo ruzuku ikiisha. Baraza la mji nalo liidhinishe kupokea fedha hizo, ziwekwe kwenye akaunti tofauti ya fedha hizo tu.

Kumbukumbu za mazoezi ziandikwe tangu siku ya kwanza. Katika kesi ya Florida v. Harris ya 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali cheti na mafunzo kuwa ushahidi kwamba pua ya mbwa inaaminika, lakini mshtakiwa ana haki ya kuvipinga. Sheria nazo hubadilika: Colorado ilihalalisha bangi, na mwaka 2019 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaamua kwamba kumtumia mbwa anayenusa bangi kwenye gari la mtu mzima ni upekuzi, yaani polisi lazima wawe na sababu ya kisheria kwanza. Anayenunua leo aamue mapema ni harufu zipi mbwa atafundishwa, kwa sababu harufu aliyokwisha kuizoea ni vigumu mno kumwondolea.