Mikono huru, masikio kifungoni: hedifoni barabarani, garini na mbele za watu

Simama kidogo jioni kwenye mzunguko wa Kondele, hapa Kisumu, uwaangalie waendesha bodaboda. Huyu ana waya mweupe unaochomoza kwenye kola ya jaketi hadi sikioni. Yule hana waya. Simu yenyewe ameisukuma ndani ya helmeti, imebanwa kati ya shavu na sifongo, na anaelewana bei na mteja wa Mamboleo huku akipenya katikati ya tuktuk mbili. Mwulize, atakujibu kwamba hana kosa, mikono yote miwili iko kwenye usukani. Ni kweli, mikono ipo. Sisi tunaohudumia masikio ya watu tunauliza habari ya sikio na akili, maana hivyo viwili ameshaviazimisha.

Wengi wanaamini kuwa ubaya wa simu barabarani ni kuishika. Utafiti haukubaliani nao. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Kanada, Redelmeier na Tibshirani, walilinganisha rekodi za simu za madereva na saa ambazo ajali zao zilitokea. Waligundua kwamba dereva aliyekuwa akitumia simu alikaribia mara nne ya hatari ya kawaida ya kupata ajali, na kwamba wenye vifaa vya kuongea bila kushika simu hawakuonekana kuwa salama kuliko walioishika. Mwaka 2005 utafiti mwingine uliofanywa Perth, Australia, ukatoa jibu lilo hilo. Katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, David Strayer na wenzake walifuatilia macho ya madereva kwenye mtambo wa kuiga udereva. Waliokuwa wakizungumza kwa simu, bila kuishika, walivitazama vitu vya kando ya barabara kama kawaida. Walipoulizwa baadaye, vingi hawakuvitambua. Jicho lilifika, akili haikufika.

Hapo huulizwa swali zuri: mbona basi dereva huongea na abiria aliyekaa kando yake na hakuna neno? Abiria anaiona barabara. Ng'ombe akiingia lami pale Awasi, abiria ananyamaza hata bila kuambiwa, pengine anapiga kelele ya kuonya. Mkeo aliye Nairobi haoni ng'ombe. Yeye anaendelea kuuliza kama karo imetumwa, nawe unaona ni utovu wa adabu kutomjibu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Swali hilo la karo, fupi jinsi lilivyo, limeshakula zaidi ya mita 30.

Sheria ya Kenya nayo ipo: dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea hutozwa faini ya shilingi 2,000 chini ya utaratibu wa makosa madogo ya trafiki. Lakini mtu asijidanganye kuwa akikosa kutozwa faini basi yuko salama. Kama simu ni ya lazima, egesha gari penye nafasi, ongea, kisha uendelee. Mwenye bodaboda naye anaweza kumzoesha mteja wake: nisipopokea nipo njiani, nitakupigia. Na simu iliyobanwa ndani ya helmeti ina ubaya wa ziada. Helmeti imeundwa ikumbate kichwa pande zote, na ukiingiza kitu kigumu kati yake na fuvu, siku ya kuanguka kitu hicho ndicho kitakachokupiga kwanza.

Tuje kwa anayetembea kwa miguu, ambaye kwa kawaida haonywi na mtu. Mwaka 2012 watafiti wa Maryland walichapisha uchunguzi wa visa 116 vya watu waliogongwa Marekani wakitembea na hedifoni kati ya 2004 na 2011. Karibu asilimia 70 walikufa. Zaidi ya nusu waligongwa na treni, na katika zaidi ya robo ya visa, taarifa zilisema wazi kwamba honi ilikuwa imepigwa. Nikisoma habari hiyo nawaza reli yetu. Kwa miaka mingi njia ya kutoka Kibos kuelekea Miwani na Muhoroni ilikuwa karibu kichochoro cha kawaida: watu wanapita na mizigo, watoto wanaenda shule. Desemba 2021 treni za abiria zikarudi Kisumu. Mazoea ya kutembea juu ya reli hayakuondoka siku hiyo, na masikioni kumeongezeka muziki.

"Mimi huvaa sikio moja tu," vijana hutuambia. Afadhali, lakini ujue unachopoteza. Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha sikio la kulia na la kushoto: ni lipi limesikia kwanza, na ni lipi limesikia kwa nguvu zaidi. Ukiziba moja utaisikia tuktuk, ila hutajua inakujia upande upi, na unaweza kuruka kuelekea kwayo. Halafu kuna pikipiki za umeme, ambazo zinaongezeka mjini na hazina ule mngurumo tuliouzoea. Ushauri wetu kwa anayepita barabara ya Busia au ya Kakamega ni kutembea upande wa kulia ili magari ya karibu yaje usoni pako, na kutoa vifaa vyote viwili masikioni kabla ya kuvuka. Kupunguza sauti hakutoshi.

Kuhusu sauti yenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, muda salama unashuka hadi saa nne tu kwa wiki nzima. Ndani ya koklea, yaani sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, kuna chembe zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio, na zikifa hazioti tena. Ni kama mpunga wa Ahero uliolazwa na mvua: mvua ikipita baadhi huinuka, lakini ukilazwa kila siku huoza papo hapo. Ule mlio unaousikia ukitoka disko matanga ndiyo dalili ya kulazwa huko. Shida kubwa huwa ndani ya matatu. Spika za gari zinanguruma, nawe unapandisha hedifoni zako ili uzishinde, kwa hiyo sikio linapokea kelele mbili. Usizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, na kama hata hapo husikii wimbo wako, uzime usubiri ufike. Hedifoni zinazoziba vizuri, au zile zinazopunguza kelele za nje, zinasaidia ukiwa umekaa garini kwa kuwa hazihitaji sauti kubwa. Ukishuka, kuziba huko huko kunakuwa hatari.

Sasa adabu, ambayo nadhani tumeiacha nyuma kuliko usalama. Mtu anayeongea na kifaa kidogo sikioni anaonekana anaongea nawe. Mama anayeuza omena Kibuye anapima kopo, na mteja aliyesimama mbele yake anasema kwa hasira, "Wewe ni mwongo, jana uliniambia bei nyingine!" Mama anaacha kopo. "Mimi, mwanangu? Jana ulinikuta wapi?" Mteja anaonyesha sikio, anacheka, hasemi hata samahani. Inua kiganja, onyesha simu, sogea kando umalize mazungumzo, ndipo urudi ununue. Mama huyo ana haki ya kuuza bila kutukanwa kwa niaba ya mtu wa Eldoret.

Salamu ni jambo zito zaidi. Mzee akikusalimu njiani Maseno au Mumias nawe ukapita, hatajua ulikuwa unasikiliza nini. Atajua mtoto wa fulani siku hizi hasalimii, na neno litafika nyumbani kabla yako. Ukimwona kwa mbali, toa vyote viwili uvishike mkononi, hata kama hakuna kinachocheza, kwa sababu yeye hawezi kujua kama kinacheza au la. Vivyo hivyo kwa wakala wa M-Pesa, kwa mwuguzi anayekueleza dawa, na hasa matangani.

Tena mjulishe aliye upande wa pili wa simu. Ukiegesha ukapokea kwa spika ya gari, maneno yako ya kwanza yawe "Shikamoo mjomba, niko na watu garini." Mjomba anaweza kuwa amepiga kukueleza majibu ya hospitali ya shangazi, na makanga hahitaji kuyasikia. Ukiwa abiria, usitaje kwa sauti kiasi cha pesa, namba ya siri, wala jina la mgonjwa. Mwenye hedifoni hupaza sauti bila kujua, kwa kuwa hajisikii vizuri.

Mambo mawili madogo. Usikopeshane vile vya kuingiza sikioni; vinabeba nta na vijidudu, na sikio linalotoa usaha halifai kuzibwa kabisa. Vipanguse kwa kitambaa kikavu, na sikio lenyewe uliache: kijiti cha kiberiti husukuma nta ndani na kinaweza kutoboa ngoma ya sikio. La pili ni radi, ambayo Kisii na Kakamega wanaijua. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma, usiongee wala kusikiliza kwa waya simu ikiwa imechomekwa kwenye chaji.

Mlio wa sikioni ukidumu zaidi ya siku moja, au ukianza kuwaambia watu "nini?" mara kwa mara, njoo upimwe. Sikio moja likizima ghafla, hata bila maumivu, hiyo ni dharura: fika hospitalini siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa maana dawa hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema, na anayekuja baada ya mwezi mara nyingi tunakuwa hatuna la kumrudishia.