Krismasi na Mwaka Mpya: Angalia Kipimo, Angalia Kiporo

Msimu wa sikukuu umefika, na sisi maofisa lishe wa halmashauri tumeshaanza kupigiwa simu. Wengine wanauliza kama mtu mwenye kisukari anaruhusiwa kula pilau. Wengine hupiga tarehe 26 au 27 kusema nyumba nzima inaharisha. Maswali haya mawili yana chanzo kilicho karibu: chakula kinapikwa kingi, kinapakuliwa bila kipimo, na kinachobaki kinalala kwenye sufuria.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, anaruhusiwa. Hatujawahi kumkataza mtu pilau. Tatizo si sahani ya tarehe 25. Kwa mkazi wa Dodoma msimu huu unaanza na Uhuru, Desemba 9, unapitia hafla za kufunga mwaka maofisini, harusi, Krismasi na Mwaka Mpya, na haukatiki mpaka Mapinduzi, Januari 12. Hizo ni karibu wiki tano, na mwili hauzihesabu kama siku moja.

Angalia sahani inayotoka kwenye meza ya chakula ukumbini. Chini kuna pilau, juu yake wali mweupe, pembeni chipsi, ndizi za kukaanga na chapati iliyokunjwa. Halafu kuku, halafu nyama. Kachumbari imewekwa kijiko kimoja ili isemekane ipo. Huo ni wanga wa aina tano, na jani la mboga hakuna. Chagua aina moja ya wanga, ukishindwa kabisa mbili, na iwe robo ya sahani. Robo nyingine iwe nyama, kuku, samaki au maharage. Nusu inayobaki ni ya mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na huu ni msimu wa maembe; anayelalamika kuwa matunda ni ghali mwezi huu hajapita Majengo sokoni.

Kuhusu vinywaji, soma lebo. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hivi za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, wakati kiwango kinachopendekezwa kwa afya bora ya mtu mzima ni gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku. Juisi ya ubuyu au ya ukwaju uliyoitia sukari mwenyewe nyumbani nayo imo kwenye hesabu hiyo hata ukiiita ya asili.

Na hili tumelisema mpaka tumechoka: ugali wa mtama au wa uwele si dawa ya kisukari. Una nyuzinyuzi nyingi kuliko ugali wa sembe, ndiyo, na tunauhimiza. Lakini bado ni wanga, na ukila mlima wa ugali wa mtama sukari itapanda. Ndimu haikati mafuta. Wapo pia wanaomeza vidonge mara mbili asubuhi ya Krismasi ili wale kwa uhuru, na wapo wanaoacha dawa kabisa ili wanywe pombe. Baadhi ya dawa za kisukari zikizidishwa, au zikichanganywa na pombe tumbo likiwa tupu, sukari hushuka ghafla kiasi cha mtu kupoteza fahamu. Dozi haibadilishwi bila mtaalamu, iwe sikukuu au isiwe.

Kwenye nyama choma, shida kubwa ni ile chumvi ya kuchovya. Mtu mzima anahitaji chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mwenye presha aombe pilipili na limao, chumvi ibaki kwa mchoma nyama.

Sasa nyama yenyewe. Mwezi huu watu huchangishana kununua mbuzi, ng'ombe au nguruwe na kugawana nyuma ya nyumba. Utaratibu ni huu. Kabla ya kuchinja, mtaarifu ofisa mifugo wa kata, ikiwezekana siku moja kabla, kwa kuwa tarehe 24 anahitajika kila mahali. Ukaguzi hufanyika mara mbili: mnyama akiwa hai, na baada ya kuchinjwa, ambapo mkaguzi hutazama ini, mapafu, moyo, ulimi, tezi na misuli. Kwa hiyo usitupe wala kukaanga maini kabla hajafika. Nyama iliyopita hupigwa muhuri. Isiyofaa huteketezwa au kufukiwa, na mwenye mnyama halipwi fidia kwa sababu tu alikuwa na sherehe. Kama kuna ada, italipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Usimpe mtu fedha mkononi.

Ukishauza hata kilo mbili kwa jirani, hiyo si nyama ya nyumbani tena. Biashara ya nyama inasimamiwa na Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa ofisa afya uwezo wa kukamata chakula kisichofaa. Mkosaji huweza kufikishwa mahakamani, akatozwa faini, akafungwa, au vyote viwili. Anayepika kwa biashara kwenye sherehe aulizwe cheti cha kupima afya, kinachohuishwa kila baada ya miezi sita. Muulize kabla ya kumlipa.

Kwa nguruwe tunasisitiza zaidi. Nyama yenye malengelenge ikiliwa bila kuiva humwachia mlaji tegu. Mayai ya tegu huyo yakipita kwenye mikono michafu au mboga zisizooshwa, yanaweza kumletea mtu mwingine uvimbe kwenye ubongo na kifafa. Kitimoto iive mpaka ndani.

Kuhusu kiporo. Desemba hapa joto hufika nyuzi 30, na pilau iliyopikwa saa nne asubuhi mara nyingi inaliwa mpaka usiku, halafu inafunikwa mezani hadi kesho yake. Kuna bakteria kwenye mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole, mbegu hizo huota na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. "Tumekula hivyo miaka yote" si kipimo cha maabara. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kitandaze kwenye vyombo vipana kipoe haraka, kiingie kwenye jokofu, na kikitolewa kipashwe mara moja tu mpaka kitoe mvuke kote. Asiye na jokofu apike kidogo, au agawe kwa majirani kikiwa bado cha moto.

Mtu akianza kuharisha, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, kama maelekezo ya pakiti hayasemi vinginevyo. Mtoto mchanga, mzee, au yeyote anayeharisha maji mengi kama ya mchele apelekwe kituo cha afya mara moja. Mvua zimeanza na hatuwezi kupuuza kipindupindu. Wakiugua wengi waliokula pamoja, toa taarifa kwa ofisa afya au mtendaji wa kata. Usimwage chakula kilichobaki wala kuosha masufuria. Kifunge kwenye chombo safi, kiweke mahali pa baridi, kisiliwe na mtu wala kupewa kuku, na andika kilipikwa saa ngapi, kililiwa saa ngapi na nani alianza kuumwa.