Je, wajua kwa nini ukumbi wa 007 wa studio za Pinewood umejengwa mara tatu?

Katika kijiji cha Iver Heath, magharibi mwa London, zipo studio za filamu za Pinewood, zilizofunguliwa mwaka 1936. Miongoni mwa majengo yake, hakuna lililovuma kuliko ukumbi wa 007, ambao ulijengwa mwaka 1976, ukaungua mwaka 1984, ukajengwa upya, ukaungua tena mwaka 2006, na ukajengwa kwa mara ya tatu. Sababu ya wenyewe kutokata tamaa inaanzia kwenye hasara iliyopatikana miaka kumi kabla ya jengo hilo kuwapo.

Ukumbi wa kupigia filamu ni jengo refu lisilo na madirisha, lenye sakafu tupu na vyuma vya kuning'inizia taa darini. Mafundi huingia humo na mbao, plasta na rangi, wakajenga seti, yaani nyumba, mtaa au pango linalohitajika katika hadithi. Picha zikishapigwa, kila kitu huvunjwa ili kuwapisha wengine. Seti huondoka, jengo hubaki.

Mwaka 1966, Ken Adam, msanifu wa mandhari za filamu aliyezaliwa Berlin na kuwa rubani wa ndege za kivita wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alitakiwa kubuni maficho ya adui wa James Bond, jasusi wa filamu mwenye namba ya siri 007, ndani ya volkeno. Hakuna ukumbi ulioweza kuyabeba maficho aliyoyachora, kwa hiyo volkeno ikajengwa nje, kwenye uwanja wa Pinewood, kwa mamia ya tani za chuma, ikiwa na nafasi ya kutosha helikopta kushuka ndani yake. Gharama yake ilifikia dola milioni 1 hivi, kiasi kinachokaribia bajeti ya filamu nzima ya kwanza ya Bond, iliyotoka mwaka 1962. Kazi ilipokwisha, volkeno ile ikabomolewa na fedha zote zikawa zimekwenda na vifusi. Kwa maoni yangu, kubomolewa huko ndiko chanzo halisi cha ukumbi wa 007, kwa sababu Adam hakutaka kuirudia hasara ile.

Mwaka 1976 alikabiliwa na tatizo lilelile kwa sura nyingine. Mtayarishaji Albert R. Broccoli alikuwa akiandaa filamu ambamo meli kubwa ya mafuta inafungua mdomo wake baharini na kumeza nyambizi, na ilihitajika seti ya tumbo la meli hiyo, lenye gati na maji ya kutosha nyambizi tatu kwa pamoja. Safari hii Adam alipendekeza lijengwe jengo la kudumu, lenye vipimo vinavyofuata seti yenyewe, na chini ya sakafu kuwe na tangi la kuchukua maji ya galoni milioni 1.2 hivi. Filamu ikishakamilika, nyambizi zingeondolewa na ukumbi ungekodishwa kwa watayarishaji wengine. Jengo liligharimu takriban dola milioni 1.8, na lilifunguliwa tarehe 5 Desemba 1976 mbele ya Harold Wilson, aliyekuwa ameacha uwaziri mkuu wa Uingereza mwaka huohuo.

Ukubwa ule ulileta shida ambayo fedha peke yake zisingeitatua, nayo ni mwanga. Mpigapicha mkuu, Claude Renoir, mjukuu wa mchoraji Auguste Renoir, alikuwa amedhoofika macho kiasi kwamba hakuweza kuona hadi mwisho wa seti. Adam alimwendea kwa siri rafiki yake Stanley Kubrick, mwongozaji ambaye walikuwa wamefanya kazi pamoja, akamwomba ushauri. Kubrick alikubali kwa sharti kwamba mtu yeyote asijue. Akaja wakati studio haina watu, akaizunguka seti na kuonyesha namna ya kuweka taa. Inagusa kwamba bwana mkubwa kama yeye alitoa maarifa yake bila kudai jina lake litajwe.

Hesabu ya kukodisha ukumbi ilianza kulipa mapema, kwani ngome ya barafu ya Superman katika filamu ya mwaka 1978 ilijengwa humo. Lakini vitu vinavyoijaza seti, yaani mbao kavu, povu la plastiki, rangi na taa zenye joto kali, ni kuni zinazongoja cheche. Tarehe 27 Juni 1984, mwongozaji Ridley Scott alipokuwa akipiga filamu ya visasili katika msitu wa bandia uliojaza ukumbi, moto ulizuka wakati wa mapumziko ya mchana na kuliteketeza jengo zima. Filamu mpya ya Bond ilikuwa mlangoni, hivyo jengo likasimamishwa upya kwa miezi michache tu, na mnamo Januari 1985 likafunguliwa likiwa na jina la Broccoli.

Moto wa pili ulikuja tarehe 30 Julai 2006. Ndani kulikuwa na seti ya mji wa Venice, Italia, ya filamu nyingine ya Bond, pamoja na mtambo wa tani 90 hivi ulioishusha nyumba ya ghorofa majini kwa nguvu za haidroliki, yaani shinikizo la kimiminika. Upigaji picha ulikuwa umekwisha na seti ilikuwa ikiondolewa. Jengo likaharibika vibaya, paa likaporomoka. Ujenzi ulianza Septemba, na haikufika miezi sita ukumbi mpya ulikuwa tayari, ukiwa na sakafu ya mita za mraba zipatazo 5,500 na tangi lake. Haraka hiyo inaeleweka: ukumbi wenye ukubwa huo na tangi la maji ndani yake ni nadra sana kupatikana, na kila mwezi unaokosekana ni mwezi wa kodi iliyopotea. Filamu ya kwanza kuingia humo mwaka 2007 ilikuwa ya muziki wa kundi la ABBA, na mafundi walijenga hoteli ya kisiwa cha Ugiriki pamoja na ua wake mahali zilipowahi kutia nanga nyambizi za Adam.