Rufaa za ubakaji: shahidi haonekani, anasomwa

Juzi alinijia ofisini hapa Dodoma ndugu wa mfungwa aliyeko Isanga, mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yaliyosemwa mahakamani, kaukunja kwenye bahasha ya kaki. (Mambo madogo nimeyabadilisha asitambulike mtu.) "Wakili, ukisoma tu utaona yule binti kadanganya." Wapi? Binti kasema ilikuwa saa kumi na moja jioni, mama yake kasema saa kumi na mbili.

Nilimwambia hiyo haimtoi mtu gerezani. Mkanganyiko unaohesabika ni ule unaogusa kiini: nani, na alifanya nini.

Kifungu cha Sheria ya Ushahidi tulichozoea kukiita 127(6) kinaruhusu kumtia mtu hatiani kwa neno la mhanga peke yake, mradi mahakama iandike kwa nini imeridhika kwamba anasema kweli. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mhanga mwenyewe, na mawakili wa Serikali huinukuu hukumu hiyo karibu kila siku. Wanachokipitia haraka ni kwamba mahakama hiyohiyo ilikuja kusema neno la mhanga si msahafu, nalo lipimwe.

Litapimwaje, na majaji wa rufaa hawakumwona akitokwa jasho kizimbani? Mwonekano wa shahidi ni mali ya hakimu aliyemsikiliza. Juu kule yanabaki makaratasi: je, maneno yake yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na yanaoana na ya wengine?

Mimi huanza kutafuta alimtaja lini. Mhanga anayemfahamu mtu huyo, akamtaja usiku uleule, ana uzito mkubwa. Akikaa wiki tatu, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ieleze. Kutishiwa kisu ni maelezo tosha kabisa, lakini kama mwendesha mashtaka hakuuliza, hakimu hakuandika, na jaji hawezi kukibuni.

Kisha lugha. Hapa pana mtego. Zipo hukumu zilizotaka mhanga aeleze wazi kwamba aliingiliwa. Kusema "alinibaka" hakukutosha. Nyingine zikakubali kwamba mtoto, au mwanamke aliyelelewa kwa haya, atasema "alinifanyia tabia mbaya", na maana ichukuliwe kutokana na mazingira. Mimi niko na hizi za pili, ingawa mara nyingi natetea upande wa mrufani. Kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hakimu alisikia Kiswahili akaandika Kiingereza. Kwenye jalada moja la zamani mtoto wa darasa la tatu "anatamka" neno la kidaktari ambalo hata baba yake halijui. Bila shaka alisema "mdudu wake". Mrufani akalishika neno lile: mtoto kafundishwa! Hoja ilisikika nzuri, kumbe aliyelileta neno ni kalamu ya hakimu.

Nikamrudisha mgeni wangu ukurasa wa sita. Binti alifika nyumbani, mama akiwa anasonga ugali, akamwambia palepale, na jina akalitaja. Mama kasema hivyohivyo. Jirani aliyeitwa usiku ule kasema hivyohivyo.

Aliusoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Halafu akauliza kama bado anaweza kurudishiwa ile hela ya kutolea kopi.