Kobe hawezi kutoka ndani ya gamba lake

Ukiuliza mitaani Moshi au Arusha, wengi watakuambia kobe ana nyumba na akitaka hutoka akaiacha. Si kweli. Gamba lile ni mifupa yake mwenyewe. Uti wa mgongo na mbavu vimetanuka na kuungana upande wa juu, kisha juu ya mifupa hiyo pakaota tabaka gumu la keratini, aina ileile ya kitu kinachounda kucha zetu. Ukilipata gamba tupu porini, ligeuze: utaona pingili za uti wa mgongo zimeshikana nalo katikati kabisa. Ajabu zaidi, mifupa yake ya mabega iko ndani ya mbavu, wakati yetu iko nje yake.

Pengine dhana hii inatokana na panzi, maana huyo kweli huvua gamba lake. Kiunzi chake kiko nje na hakikui, hivyo hana budi kukiacha na kuunda kingine. Konokono wa migombani hana mfupa hata mmoja, ila naye ameshikana na kombe lake kwa msuli, na hukua nalo.

Kwa hiyo anayemtoboa kobe gamba ili amfunge kamba asidhani anatoboa ubao. Pale pana damu na mishipa ya fahamu, na kobe anaumia. Tafadhali, mwacheni. Kama lazima azuiwe, zungushieni uzio.