Dhana potofu kuhusu kujifunza misingi ya usanifu wa picha studioni

Dhana: Asiyejua kuchora hawezi.

Mazoezi ya mwanzo hayadai mkono wa mchoraji. Chukua karatasi nyeupe ya mraba wa sentimita 20, kata miraba minne ya karatasi nyeusi yenye upande wa sentimita 3, kisha ipange ionyeshe utulivu. Ipange tena ionyeshe mwendo, halafu msongamano. Hakuna rangi, hakuna herufi, hakuna mraba wa tano. Kinachozoezwa ni jicho: umbali kati ya vipande, ukaribu wake na ukingo, na umbo la weupe unaobaki.

Wengi hukimbilia gundi mapema mno. Jaribu mipangilio kumi hivi kwa kila neno kabla ya kubandika. Kosa linalojirudia ni mraba uliopishana na mwenzake kwa milimita 2 tu: huonekana umekosewa, hata kama ulikusudia. Ukitaka upishane, usogeze walau nusu ya upande wake, mtazamaji asibaki na shaka.

Dhana: Rangi ni ileile popote uiwekapo.

Kata vipande viwili kutoka karatasi moja ya kijivu. Kimoja kiweke juu ya nyeusi, kingine juu ya nyeupe. Cha kwanza kitaonekana cheupe zaidi. Josef Albers, aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, na, kuanzia 1950, Chuo Kikuu cha Yale, aliwapa wanafunzi karatasi za rangi badala ya rangi za kuchanganya, kwa kuwa karatasi hurudia rangi ileile bila kubadilika.

Kazi yenye rangi ichapishe pia kwa nyeusi na nyeupe. Kichwa cha habari kikizama ndani ya mandhari ya nyuma yake, tofauti uliyoitegemea ilikuwa ya aina ya rangi tu, si ya mwanga na giza. Kwa kurasa za wavuti, miongozo ya WCAG, ya kimataifa ya kufanya wavuti itumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, hutaka uwiano wa tofauti ya mwanga wa angalau 4.5:1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari ya nyuma yake.

Dhana: Nafasi tupu ni nafasi iliyopotea.

Nafasi ndiyo inayoonyesha kipi kinakwenda na kipi. Maelezo yakiwa mbali na picha yake kuliko yalivyo mbali na picha ya jirani, msomaji atayaunganisha na ile ya jirani.

Dhana: Uhakiki ni kusema umeipenda au hukuipenda.

Hapa ndipo studio nyingi hupoteza muda, na inasikitisha, maana uhakiki hufundisha kuliko mhadhara wowote. “Nzuri sana” haimwachii mwanafunzi cha kufanyia kazi, na “sijaipenda” pia haimwachii kitu.

Bandika kazi ukutani usawa wa macho, kundi lisimame mita 2 au 3 nyuma. Aliyeitengeneza anyamaze kwanza na kuandika anayosikia. Akianza kwa kueleza, wenzake wataona maelezo yake badala ya karatasi, na bango likishatoka studioni halitakuwa na mtu wa kulisemea. Kila mmoja aseme jicho lake lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, likakwama wapi. Baada ya hapo ndipo karatasi ya kazi, yaani maelekezo ya kile kilichotakiwa kutengenezwa, isomwe kwa sauti: je, kilichotakiwa kuonekana kwanza ndicho kilichoonekana kwanza?

Hatua inayofuata ni sababu. “Tarehe inashindana na kichwa kwa sababu zote mbili ni nene na ukubwa unakaribiana” ni hoja inayopimika. “Weka nyekundu” ni dawa iliyotolewa kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Mpe aliyeitengeneza tatizo, atafute suluhisho mwenyewe.

Dakika kumi kwa kila kazi zinatosha, kundi likiwa la watu watano hadi wanane. Anayehakikiwa aondoke na mabadiliko mawili au matatu ya kujaribu, na toleo jipya libandikwe kando ya lile la zamani katika kikao kinachofuata. Bila kuyaona yote mawili pamoja, kundi haliwezi kujua kama badiliko limesaidia au limehamisha tatizo tu.